Mashine ya ozoni kwa mizizi ya letasi: nimeitumia Utange, na haya ndiyo niliyoyaona

Mashine hii, ya kutengeneza gesi ya ozoni inayoua vijidudu majini, naipa nyota tatu kati ya tano. Aliyeniuzia nampa moja, na hiyo moja ni kwa sababu alitoa risiti bila kuombwa. Nimetanguliza hukumu makusudi, ili mwenye haraka apate lake aende zake. Lakini wewe uliye na mabomba ya haidroponiki, yaani kilimo cha maji bila udongo, nyuma ya nyumba, na mizizi inakugeukia kahawia kila kaskazi ikishika, kaa kidogo. Kuna mambo ambayo duka halitakuambia, mengine kwa sababu halijui.

Mimi hupanda letasi, rukola na mrehani wa majani mapana huku Utange, Mombasa, chini ya paa la makuti lisilo na ukuta. Wateja wangu ni mikahawa ya Nyali na hoteli moja ya Bamburi. Mpishi wa hoteli hana habari na jua. Anataka jani lililosimama, limfikie jikoni kabla ya saa tatu asubuhi. Likilegea, anampigia simu yule anayeleta letasi ya Limuru kwa lori la baridi, na wewe unabaki kuwalisha mbuzi. Kwa hiyo mtu akiniambia ana kitu cha kutibu mizizi, namsikiliza hadi mwisho hata nikiwa simwamini.

Letasi ni mboga ya baridi na sisi tunailazimisha. Kuanzia Desemba mpaka Machi joto la mchana hapa hufika nyuzi 32 au 33, na maji ya tangi jeusi lililoachwa juani hupita hapo bila taabu. Hapo ndipo pithiamu, kimelea kinachoozesha mizizi, hunoga, hasa ile aina inayopenda joto. Wengi huiita ukungu, na madukani utauziwa dawa ya ukungu kwa jina lake, ila ukoo wa kimelea hiki uko karibu zaidi na miani ya majini kuliko uyoga, ndiyo maana baadhi ya dawa za ukungu hazikibabaishi. Kikizaliana hutoa vijimbegu vyenye mikia, visivyoonekana kwa macho, vinavyoogelea kutafuta mzizi. Kwenye udongo vingehangaika. Kwenye haidroponiki maji yaleyale hupita kwenye kila mche na kurudi tangini, basi ni sisi tunaovilipia nauli. Juu ya hayo, maji yakipata joto hubeba oksijeni kidogo: kwenye nyuzi 20 lita moja hushika takriban miligramu 9, kwenye nyuzi 30 hushuka hadi saba na nusu. Mzizi unakosa pumzi wakati uleule adui yake anapopata nguvu.

Dalili zake ukishazijua hazifichiki. Saa sita mchana letasi inalala utadhani haijaonja maji, ilhali maji yanapita chini yake. Jioni inainuka. Kesho inalala mapema zaidi, na haiinuki yote. Ukiitoa kwenye tundu, mizizi ni kahawia na ina utelezi. Bana mmoja kwa vidole viwili, vuta polepole: ganda la nje linavuka lote na kubaki vidoleni mwako, na kwenye mche unaning'inia uzi mwembamba uliokuwa ndani. Usipouona mzizi ukivuka hivyo, usikimbilie kununua mashine. Huenda ni chumvi iliyozidi, au pampu inayozimika usiku bila wewe kujua.

Duka nililonunua liko mjini, na jina lake nitalihifadhi. Kijana wa kaunta alikuwa mchangamfu, akanivutia kiti, akaniletea maji ya chupa. "Mama, hii inaua kila kitu," akaniambia. "Unatumbukiza jiwe la mapovu kwenye tangi, unawasha, unalala. Hata mizizi iliyooza inarudi nyeupe." Nikamuuliza, na chuma je, kitabaki? Akaligonga sanduku kwa kidole. "Chuma gani, mama? Hii haishiki kutu." Mimi niliuliza chuma kilicho kwenye mbolea, yeye akajibu sanduku. Hapo nikajua kazi ya kusoma ni yangu. Akanionyesha pia karatasi yenye muhuri, inayosema Marekani iliruhusu ozoni kwenye vyakula mwaka 2001. Kweli iliruhusu. Lakini ruhusa ile inahusu usafishaji wa vyakula. Haisemi lolote kuhusu mizizi iliyo hai ndani ya maji yenye mbolea.

Nililipa shilingi elfu ishirini na kitu baada ya kupatana, pamoja na mpira wa silikoni, jiwe la mapovu na plagi ya pini tatu. Sanduku ni la bati jeupe, jepesi, la kutundikwa. Ndani mna pampu ndogo ya hewa, feni, na sahani ya kauri ambayo umeme wa volti nyingi hupita juu yake na kugeuza sehemu ya oksijeni ya hewani kuwa ozoni. Kibandiko kinasema gramu 5 kwa saa. Stima haili sana. Bili yangu haikushtuka.

Sayansi yenyewe sikuitilia shaka. Oksijeni tunayovuta ina atomi mbili, ozoni ina tatu, na ile ya tatu haitulii. Inang'oka, inashika chochote kilicho karibu na kukiunguza: ngozi ya bakteria, kijimbegu cha pithiamu kinachoogelea, utando wa kijani ndani ya bomba. Kinachobaki ni oksijeni ya kawaida. Mji wa Nice kule Ufaransa ulianza kusafisha maji yake ya kunywa kwa njia hii mwaka 1906, na huko Kanada watafiti wa Chuo Kikuu cha Guelph wameyajaribu maji ya ozoni kwenye mimea ya vitaluni. Kwamba ozoni inaua, hilo halina ubishi. Nililotaka kujua ni hili: sanduku hili, kwa hewa hii ya kwetu na maji haya ya kwetu, linatoa ozoni kiasi gani, na inafika wapi?

Tuanze na hewa, maana hapo ndipo pesa za watu wa Pwani zinapotelea. Gramu 5 za kibandiko kwa kawaida ni hesabu ya mashine inayolishwa oksijeni tupu, au angalau hewa kavu kabisa. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 21 tu. Na hewa ya Mombasa waijua mwenyewe: chumvi hugandamana kichupani ukiitikisa haitoki. Unyevu ukiingia kwenye ile sahani, ozoni inapungua sana, halafu naitrojeni ya hewani ikikutana na maji na cheche hutengeneza asidi ya nitriki inayoitafuna sahani yenyewe.

Mtoto wa kaka yangu ni fundi wa umeme wa magari. Nilipoona harufu ya ozoni imefifia, nilimwita tukafungua sanduku. Ukingoni mwa sahani palikuwa na ukoga mweupe uliolowa, na kwenye kiungio cha shaba rangi ya kijani ilikuwa imeshaanza kutambaa kuelekea waya. Aliitazama kwa tochi ya simu, akasonya. "Shangazi, hii inajila yenyewe." Tukaipangusa kwa spiriti, ikakauka, kisha hewa inayoingia tukaipitisha kwanza kwenye chupa ndefu iliyojaa chembe za silika, zile zinazowekwa ndani ya vipakiti kwenye viatu vipya. Nimechagua za rangi ya machungwa, ambazo hugeuka kijani zikishashiba unyevu. Za buluu zina chumvi ya kobalti, na sizitaki karibu na mboga. Zikishiba nazikausha kwenye oveni kwa moto mdogo, zinarudi rangi yake, nazirudisha chupani. Huku kwetu zinashiba upesi mno, na mvua za masika zikiingia ndiyo kabisa. Mtu asikuambie ni kitu cha kuweka ukasahau. Lakini baada ya ile chupa, mashine ilikuwa nyingine. Kipimo changu cha redoksi, kinachoonyesha nguvu ya maji ya kuunguza uchafu, ambacho awali kilikuwa kikipanda kwa kusuasua, sasa kwenye maji matupu kinapita milivolti 650 bila kuchelewa, na hicho ndicho kiwango wanachokitumia wengi kujua maji yamesafishika. Dukani silika haikutajwa hata kwa bahati mbaya. Ipo pia mashine ya kuchuja oksijeni hewani, kama zile za hospitalini, na ingekuwa bora zaidi, ila bei yake inaimeza hii yangu mara kadhaa.

Sasa hesabu ya maji. Watafiti wa Uholanzi katika miaka ya 1990 walipendekeza gramu 10 za ozoni kwa saa kwa kila mita ya ujazo ya maji yanayorudi kutoka kwenye mimea, na yakae na ozoni hiyo saa nzima. Mita ya ujazo ni lita 1,000. Tangi langu ni la lita 500, basi kwenye karatasi gramu 5 zinatosha barabara. Toa sehemu inayopotea kwa kutumia hewa badala ya oksijeni. Toa tena inayotoka na mapovu, kwa sababu povu kubwa katika tangi fupi hupanda na kupasuka kabla ozoni haijayeyuka. Kinachobaki hakifiki nusu. Ndiyo maana mimi siliwekei ozoni tangi zima. Nayasafisha maji kwenye pipa la lita 200, ambalo linahitaji gramu 2 tu, na lile jiwe la mapovu nimelitupa kando. Badala yake fundi alifunga venturi: kipande cha bomba kilichobanwa katikati, maji ya pampu yakipita hapo kwa kasi yanaivuta gesi ndani na kuisagasaga. Mapovu yanakuwa membamba, maji yanakuwa meupe kwa muda, na harufu inayotoka juu inapungua. Hapo ndipo unajua ozoni inabaki majini badala ya kwenda puani mwako.

Joto nalo halikuachi. Maji ya moto huyeyusha ozoni kidogo na huiua haraka: katika maji safi yasiyo na asidi, kwenye nyuzi 20 nusu ya ozoni huisha kwa takriban dakika 20, kwenye nyuzi 30 ni kama dakika 12. Maji yenye mbolea na uchafu huimaliza mapema kuliko hivyo. Tena pH (kipimo cha asidi ya maji; ikipanda, asidi imepungua) ikiwa juu ozoni inaisha upesi zaidi, na maji yetu yaliyopita kwenye mawe ya matumbawe huwa na pH ya juu. Mimi huishusha pH hadi karibu 5.8 kabla ya kuwasha chochote. Halafu kuna takataka. Miche yangu naiotesha kwenye kokopiti, yaani makumbi ya nazi yaliyosagwa, maana nazi hatuna uhaba nazo, na vipande vyake hurudi na maji. Ozoni haichagui. Itaunguza kipande cha kokopiti kwa bidii ileile ambayo ungependa iielekeze kwa pithiamu, na mwisho wa saa umesafisha takataka. Soksi ndefu ya kike iliyofungwa kwenye mdomo wa bomba la kurudi inafanya kazi nzuri. Ioshe kila siku.

Turudi kwa kile chuma nilichomuulizia kijana wa kaunta. Madini ya chuma yanayolishwa mimea kwenye haidroponiki hufungwa kwenye kileti, kemikali inayoyashikilia, ili yasigande majini. Ozoni huvunja kileti hicho. Chuma kikifunguliwa kinageuka kutu, kinatua chini ya tangi, na mmea haukioni tena. Manganizi nayo huangukia huko. Ukifanya alivyonielekeza yeye, jiwe tangini usiku kucha, baada ya muda majani machanga yatapauka manjano huku mishipa ikibaki kijani, na wewe utadhani ugonjwa umerudi kwa sura nyingine, uongeze ozoni. Nimemwona mkulima mmoja wa Mtwapa akizunguka katika duara hilo msimu mzima. Kipimo cha EC, kile cha kupima jumla ya chumvi za mbolea majini, hakitakuonya, kwa sababu chuma ni kidogo sana kwenye jumla ya chumvi. Kwa hiyo mpangilio wangu ni huu: maji yanarudi, yanachujwa, yanaingia pipani, yanapigwa ozoni, yanapumzika, ndipo naongeza chuma cha kileti na kuyarudisha tangini.

Kuna jambo moja ambalo ningependa kila mtu wa Kisauni, Bamburi na kuendelea alisikie, kwa sababu sijaona duka linaloligusia. Visima vyetu vingi vina maji ya chumvi. Chumvi ya bahari haiji peke yake, huja na bromidi. Maji ya bahari yenyewe yana takriban miligramu 65 za bromidi kwa lita. Ozoni ikikutana na bromidi hutengeneza bromati, ambayo Shirika la Afya Duniani limeiwekea kikomo cha mikrogramu 10 kwa lita katika maji ya kunywa kwa kuhofia saratani. Njiani kabla ya kufika huko hutengeneza pia dawa kali ya bromini ambayo mizizi haiipendi. Basi maji ya kisima cha chumvi na mashine ya ozoni havikai nyumba moja. Mimi hutumia maji ya mvua yanayovunwa kwenye bati la nyumba, na yakiisha nanunua ya bauza, nikiuliza kwanza yametoka wapi. Mwenye bauza akikuambia "maji ni maji, mama," onja kabla hajafungua mpira.

Haya, mizizi je?

Nina safu mbili za mabomba, kila moja na tangi lake, zote chini ya makuti. Matangi yote mawili nilikuwa nimeshayazika ardhini hadi shingoni, kazi iliyowatoa vijana jasho kwa sababu ukichimba huku hupiti futi mbili kabla hujakutana na jiwe, na nikayapaka rangi nyeupe vifuniko. Mchana wa jua kali natumbukiza chupa za barafu. Safu moja nikaiongezea ozoni, nyingine nikaiacha na ubaridi wake tu.

Miche iliyokwisha kuugua haikupona upande wowote. Nasisitiza hili kwa sababu ndiyo ahadi kubwa ya dukani. Ozoni inaua kinachoogelea kwenye maji. Kilichokwisha kuingia ndani ya mzizi haikifikii, na haiachi kinga yoyote nyuma yake, kwa sababu ikishatoka pipani imekufa. Mche mgonjwa ung'oe, utupe mbali na matangi.

Kwa miche mipya tofauti ilionekana, ila si ile niliyoitarajia. Safu yenye ubaridi peke yake ilikwenda vizuri kuliko kaskazi yoyote ya nyuma. Mizizi ilianza kuchafuka karibu na mavuno, ncha zikawa kahawia, lakini vichwa viliuzika. Safu ya ozoni ilibaki na mizizi meupe mpaka siku ya kukata, yenye vinyweleo, na mabomba yake ndani yalikuwa safi. Ule utando wa kijani wenye utelezi, ambao hunila Jumamosi nzima kuusugua kwa brashi, ulikuwa mwembamba hata nikaufuta kwa kitambaa. Mpishi hakuona tofauti kati ya letasi hizi na zile. Mrehani ndio ulionishangaza zaidi, kwa sababu hukaa mabombani muda mrefu kuliko letasi na huwa ndio wa kwanza kuniangusha. Upande wa ozoni umeendelea kuchumika.

Kwa maoni yangu sehemu kubwa ya ushindi ni ya jembe na rangi nyeupe, na ozoni imekuja kumalizia. Mtu mwenye elfu ishirini mkononi na tangi jeusi juani, azike tangi kwanza. Zitambakia nyingi.

Usalama sitaupitisha haraka, kwa kuwa watu wanachukulia gesi hii kimzaha. Ozoni ina harufu ya duka la fotokopi lenye mashine zinazofanya kazi mchana kutwa, na pua huisikia mapema, chini ya kile kiwango cha sehemu 0.1 kwa milioni ambacho wafanyakazi hawaruhusiwi kukivuka. Taabu ni kwamba pua huzoea. Baada ya muda husikii kitu, na kifua kinaendelea kuivuta. Nzito kuliko hewa, hutambaa chini, walipo kuku na watoto. Mama wa jirani ana pumu, basi nawasha jioni upepo wa baharini ukiwa unavuma kuelekea upande usio na nyumba, pipa limefunikwa, bomba la kutolea gesi limepandishwa juu ya makuti. Nikizima, naacha pampu ipige hewa tupu kwa muda, halafu pipa linakaa saa nzima na zaidi kabla sijaligusa. Kuifungia mashine hii kwenye chumba chenye kuta nne ni wazimu, hata kama dirisha liko wazi.

Angalia pia ulichofungiwa nayo. Mpira wa silikoni unastahimili. Mpira wa kawaida hauwezi: kile kidude cha kuzuia maji yasirudi nyuma, kilichokuja kwenye boksi, kilikuwa na kiwambo cha mpira mweusi kilichopasuka vipande upesi sana. Stima ikipotea ghafla, na hapa kwetu haibishi hodi, maji yanaweza kunyonywa kurudi hadi kwenye ile sahani yenye volti nyingi. Itundike mashine juu kuliko maji ya pipa, na ubadilishe kidude hicho kwa chenye silikoni au chuma cha pua kabla hujawasha mara ya kwanza. Ni shilingi chache.

Wanaouliza kuhusu njia nyingine: taa ya UV ni safi na haina gesi, lakini mbolea yenye chuma cha kileti ina rangi inayomeza mwanga, kwa hiyo maji yachujwe sana na yapite polepole. Jik ni rahisi kupatikana, ila klorini inagombana na mbolea ya amonia na kipimo kikizidi kidogo mizizi inaungua. Mchanga ndio ninaoupenda kwa mwenye nafasi: pipa la mchanga mwembamba, maji yashuke lita 100 hadi 300 kwa saa kwa kila mita ya mraba, bila stima zaidi ya ya pampu, na vijidudu wema wanaoishi humo hufanya kazi usiku na mchana. Ukitumia traikoderma (kuvu mwema) au bakteria wa kulinda mizizi, usichanganye na ozoni kwenye maji yaleyale, kwa sababu utakuwa unanunua askari jioni na kuwachoma asubuhi. Chagua kambi moja.

Nani anunue basi? Mwenye maji baridi tayari, asiye na chumvi kisimani, mwenye mimea ya kukaa muda mrefu kama mrehani, nyanya au matango, na mwenye subira ya kukausha silika. Kwa mwenye ndoo mbili za letasi kibarazani, hapana. Badilisha maji yote, sugua mabomba, upande upya, ni nafuu zaidi. Na mwenye shamba kubwa la haidroponiki kule bara asinifuate mimi, atafute mtambo wa kweli wenye oksijeni yake na kipimo kinachoizima chenyewe.

Ukienda kununua, muulize muuzaji akuonyeshe sahani ya kauri ya akiba, aishike mkononi, siyo picha ya simu. Hapa mjini sijaipata. Yangu ilikuja na basi la usiku kutoka Nairobi. Chukua mbili. Na usikubali kuongezewa bei kwa sababu ya kile kioo chenye tarakimu nyekundu mbele ya sanduku. Hakipimi ozoni. Kinahesabu dakika tu.